Ebrahim Hussein, mtaalamu aliyefanyia utafiti wake jukwaani

Muulize mtu yeyote aliyepita sekondari Tanzania au Kenya Ebrahim Hussein ni nani, atakujibu bila kusita: ndiye aliyeandika Kinjeketile. Akikumbuka zaidi atataja Mashetani. Hapo maelezo yanakoma, kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa: mwandishi, dhamira, wahusika, matumizi ya lugha, basi. Jibu hilo ni la kweli, ila limemwacha nje mtu mwenyewe. Hussein ni mtaalamu wa fasihi na sanaa za maonyesho, mwenye shahada ya uzamivu kutoka Chuo Kikuu cha Humboldt, Berlin. Alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa miaka mingi, na tangu ujana wake alikuwa akifuatilia swali moja kubwa: ni umbo gani la sanaa linaloweza kubeba habari za watu wa pwani hii na bara yake bila kuzipotosha? Hoja yangu ni kwamba tamthiliya zake ndizo utafiti wenyewe. Kila moja ni jaribio, na kila moja inaijibu iliyotangulia. Tukizisoma mojamoja kwa ajili ya mtihani tunapata hadithi. Tukizisoma kwa mfuatano tunaiona kazi ya maisha ya msomi.

Alizaliwa mwaka 1943 katika pwani ya kusini, pwani ya Kilwa na Lindi, wakati Tanganyika ingali mikononi mwa Waingereza na Lindi ikihesabiwa mji mkubwa wa Jimbo la Kusini. Ni pwani ambayo watu wa kaskazini wamezoea kuiita ya mbali. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, aliyetaka kwenda Kilwa au Lindi kwa barabara alipaswa kuvuka Rufiji kwa pantoni, na masika yakikolea safari ilikuwa ya kubahatisha. Umbali huo umewafanya wengi wadhani kwamba kusini hakuna maandishi, kwamba tenzi na wanazuoni ni mambo ya Lamu, Mombasa, Pate na Unguja. Hilo si kweli hata kidogo.

Historia ya Kilwa ni miongoni mwa historia za kwanza kabisa za pwani hii kuandikwa na watu wake. Imetufikia kwa Kiarabu katika nakala iliyomo London, ambayo Arthur Strong aliichapisha mwaka 1895. Imetufikia pia kwa Kireno, kwa sababu João de Barros aliitia muhtasari wake katika kitabu chake cha mwaka 1552. Tena ipo kwa Kiswahili, kama ilivyosimuliwa na wenyeji na kunakiliwa mwishoni mwa karne ya 19. Kisa chake mashuhuri kinajulikana na kila mtoto wa Kilwa: mgeni kutoka Shirazi anakinunua kisiwa kwa nguo, nguo inatandazwa kuzunguka kisiwa, na mwenye nchi anahamia bara. Nakala hizo hazisemi mambo kwa namna moja. Nani alikuwa mwenye kisiwa, alikubali kwa hiari au kwa hila, na nani alirudi baadaye kutaka chake, hayo hutegemea msimulizi amesimama wapi. Nadhani mtu aliyelelewa karibu na kisa kama hicho hujifunza mapema kwamba historia ina wenyewe, na kwamba namna ya kuisimulia ni sehemu ya ugomvi wenyewe.

Halafu kuna mambo ya karibu zaidi. Huko Kilwa Kivinje, Hassan bin Omari Makunganya alinyongwa na Wajerumani mwaka 1895, na tungo za Kiswahili zilizosimulia mkasa wake ziliingia katika mikusanyo ya Carl Velten, aliyekuwa mkalimani wa serikali ya kikoloni kabla ya kwenda kufundisha Kiswahili Berlin. Miaka kumi baadaye vilizuka Vita vya Maji Maji, na Lindi ikamtoa mtunzi wake, Abdul Karim bin Jamaliddini, aliyeviandikia utenzi muda mfupi baada ya vita kwisha. Utenzi huo ulichapwa mwaka 1933 katika jarida la chuo cha lugha za Mashariki cha Berlin. Mwaka 1957 W. H. Whiteley, mtaalamu aliyekuwa amefanya kazi kwa Wamakua na Wayao wa Jimbo la Kusini, aliutoa upya pamoja na tafsiri ya Kiingereza, kupitia Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliyokuwa na makao yake Makerere. Maandishi ya kusini, kwa hiyo, yalisafiri mbali kabla ya kurudi nyumbani, na mengine hayajarudi hadi leo.

Hapa ndipo kazi ya Hussein inapoanzia, na ndipo inapofaa kutua kwa kirefu.

Vita vya Maji Maji vilianza Umatumbi, milima iliyo nyuma ya Kilwa, mwezi Julai 1905. Watu wa Nandete waling'oa pamba ya shamba la serikali, shamba walilolazimishwa kulima kwa malipo yasiyotosha hata kuonekana. Kabla ya hapo habari za mganga wa Ngarambe, Kinjikitile Ngwale, zilikuwa zimekwisha kuenea kwa minong'ono kutoka kijiji hadi kijiji. Wazee walisimulia kwamba pepo aliyeitwa Hongo alimchukua, akazama katika maji, ndugu zake wakamtafuta wasimwone, na kesho yake akatoka humo akiwa mkavu, na nguo zake kavu. Watu walifunga safari kwenda kwake kuchukua maji. Tarehe 4 Agosti 1905 Wajerumani walimnyonga huko Mohoro, vita vikiwa vichanga. Havikuishia hapo. Samanga ilichomwa, boma la Liwale likaanguka, Askofu Cassian Spiss na wenzake wakauawa njiani kuelekea Peramiho, na misheni za Nyangao na Masasi zikatiwa moto. Kisha ikaja njaa iliyoletwa makusudi, mashamba na maghala yakiteketezwa. Hesabu ya Wajerumani ilitaja vifo 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa aliona idadi hiyo ni ndogo mno, akakadiria kati ya watu 250,000 na 300,000.

Abdul Karim aliyatazama hayo akiwa mtu wa mji. Alikuwa mwanachuoni wa Kiislamu, mjini Lindi, na vita vilimkuta, hakuviita yeye. Haamini dawa ya maji. Anaiona ni upotofu uliowaangamiza waliouamini, na katika utenzi wake umbali kati ya mtunzi na wapiganaji ni umbali kati ya mji na shamba, kati ya kitabu na uganga. Hilo halimpunguzii thamani. Amehifadhi mambo ambayo pengine yangepotea, na amehifadhi pia namna wenye elimu wa pwani walivyowaona jirani zao wa bara. Lakini utenzi wa namna hiyo una mipaka yake. Mtunzi anasimama juu ya habari, anaipanga beti kwa beti, anahukumu. Aliyekunywa maji hapati nafasi ya kusema kwa kinywa chake.

Gwassa alifuata njia nyingine. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Idara ya Historia ya Dar es Salaam ilipoanzisha utafiti wa Maji Maji, alikwenda Umatumbi na kwingineko akawasikiliza wazee ambao walikuwa bado hai na wakikumbuka. Mwaka 1968 yeye na John Iliffe walitoa kijitabu cha masimulizi na nyaraka za vita hivyo. Katika kurasa zake zimo sauti za walioamini, pamoja na sababu zao za kuamini, ambazo zilikuwa sababu za kueleweka: kodi, pamba, viboko, maakida.

Mwaka uliofuata, 1969, Oxford University Press ilichapisha Kinjeketile. Mwandishi alikuwa na umri wa miaka 26. Mwaka 1970 akaitoa kwa Kiingereza kwa tafsiri yake mwenyewe.

Watu wengi husema Kinjeketile ni tamthiliya ya kihistoria, na Hussein mwenyewe katika utangulizi wake aliwatahadharisha wasomaji kwamba shujaa wake si yule Kinjikitile wa Ngarambe. Kalibadilisha jina kidogo, na kisa kakibadilisha sana. Mganga wa kweli aliuawa vita vilipoanza tu. Huyu wa jukwaani anaishi hadi vita vinashindwa, anakaa gerezani, anaulizwa. Kwa nini Hussein alimwongezea uhai? Ukiyaweka maandishi haya matatu pamoja, jibu linaonekana. Abdul Karim aliiweka shaka mjini na imani shambani. Gwassa alikusanya imani ikasimama yenyewe. Hussein alizitia imani na shaka ndani ya kifua cha mtu mmoja. Kinjeketile wake anapandwa na pepo, anatoka majini na ujumbe wa umoja, kisha anaposikia sehemu ya ujumbe inayosema kwamba watu watakuwa watoto wa Seyyid Said anashtuka. Umoja ule unawatoa kwa Mjerumani na kuwatia mikononi mwa mtawala mwingine. Tangu hapo hajui kama neno lililotoka kinywani mwake lilikuwa lake, la Hongo, au la mtu mwingine aliyelipachika. Lakini watu wamekwisha kulichukua. Wamatumbi, Warufiji na Wazaramo waliokuwa wakibishana sasa wana kitu kimoja. Akilikana, umoja unavunjika. Akiliacha, watu wanakwenda mbele ya bunduki na maji vifuani.

Mwisho wa tamthiliya, afisa wa Kijerumani anataka aseme hadharani kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa. Anakataa akijua kwamba hayakuzuia risasi, kwa sababu anaona kwamba kulikana sasa kutawaibia waliozaliwa baada yake kile walichopigania. Uamuzi huo umefundishwa shuleni kama ushujaa, na ni ushujaa. Lakini kwa mtaalamu wa fasihi ni jambo jingine pia: ni nadharia kamili ya namna hadithi inavyofanya kazi katika jamii. Neno likishapokewa na watu, ukweli wake hauko tena mikononi mwa aliyelisema. Hayo aliyasema mwanafunzi wa Mlimani kabla hajaandika tasnifu yoyote.

Tazama pia jinsi tamthiliya inavyofunguka. Haianzi na Kinjeketile wala na Wajerumani. Inaanza na wanawake wawili, mke wa Kitunda na mke wa Kinjeketile, wakizungumzia njaa na waume waliochukuliwa kulima shamba la Bwana Kinoo. Kinoo hakubuniwa, ndivyo wenyeji walivyomwita mlowezi mmoja wa Samanga. Hivyo vita vinaingia kupitia jiko lisilo na chakula. Utenzi hauna mlango wa namna hiyo, na Hussein, aliyeujua ushairi wa jadi vizuri, alijua kwamba hauna. Ndiyo maana aliandika tamthiliya.

Je, tamthiliya nayo ni chombo kisicho na mwenyewe? Swali hilo lilimpeleka Berlin ya Mashariki, katika mji uleule ulioyahifadhi mashairi ya Velten na kuuchapa utenzi wa Abdul Karim, na huko akaandika tasnifu kuhusu maendeleo ya sanaa za maonyesho katika Afrika Mashariki, aliyoimaliza katikati ya miaka ya 1970. Kiini chake, kama ninavyoelewa, ni kukataa kipimo kimoja. Wazungu waliofika kwetu walitafuta jukwaa, pazia, mazungumzo, mwanzo, kati na mwisho. Wasipoyaona wakasema hakuna sanaa ya maonyesho. Hussein alionyesha kwamba kipimo chenyewe kina historia na kina mahali kilipozaliwa, na kwamba mbele ya ngoma, ngano, kichekesho na mapepo ya pwani hakina haki ya kuhukumu peke yake.

Aliporudi hakuwa mtu wa kumtupa Aristotle baharini. Katika semina ya kimataifa ya waandishi wa Kiswahili, alieleza hatua kwa hatua jinsi tamthiliya inavyotungwa kwa misingi ya Aristotle, na makala hayo yakatoka katika kitabu cha Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) mwaka 1983. Nayathamini sana makala hayo. Yanamfundisha mwandishi kijana kanuni za Aristotle kwa Kiswahili chepesi, bila kumficha kitu, ili azitumie akijua anachotumia na aziache akijua anachoacha. Kabla yake, Kaluta Amri Abedi alikuwa ameufanyia ushairi wa jadi kazi ya namna hiyo mwaka 1954 kwa Sheria za Kutunga Mashairi. Wote wawili ni watunzi waliokaa chini wakaeleza ufundi kwa lugha ya watunzi wenzao. Watu wa aina hiyo ni wachache katika kila lugha.

Sasa turudi kwenye tamthiliya, tuzitazame kama mfuatano. Nyingine nitazipita haraka. Wakati Ukuta na Alikiona, zilizotoka pamoja mwaka 1970 katika Michezo ya Kuigiza, ni kazi za ujanani. Moja inahusu ugomvi wa wazazi na watoto mjini, nyingine inachota katika kichekesho cha pwani. Arusi ya mwaka 1980 imejaa uchungu wa jamii iliyoanza kuchoka na ahadi. Mwanafunzi wa siasa ataiona ina mengi. Kwangu mimi haina nguvu ya ujenzi iliyo katika nyingine, na mazungumzo yake wakati mwingine yanabeba hoja nzito kuliko wahusika wanavyoweza kustahimili.

Mashetani ya mwaka 1971 ni jambo jingine. Vijana wawili, Juma na Kitaru, wanaigiza mchezo chini ya mbuyu, mmoja shetani na mwingine binadamu. Shetani ana nguvu, binadamu anamwogopa kisha anamwua, na kila mmoja anatoka pale akidhani mchezo umekwisha. Haujakwisha. Juma ni mtoto wa ukoo uliokuwa na hadhi ukaipoteza, Kitaru ni mtoto wa wakubwa wapya, na kile walichokiigiza kinawaingia kweli. Kitaru anaugua ugonjwa ambao daktari hauoni. Katika Kinjeketile pepo alikuja na ujumbe. Katika Mashetani pepo amebaki lakini ujumbe haujulikani tena, kwa sababu aliyeshinda hajui ameshinda nini. Mtu wa pwani anayejua maana ya kupandwa na shetani anaisoma tamthiliya hii kwa urahisi kuliko profesa yeyote. Hussein aliuchukua ujuzi huo wa uswahilini akaufanya chombo cha kupimia uhuru wa nchi uliokuwa bado mchanga. Kwa maoni yangu hakuna tamthiliya ya Kiswahili iliyoizidi.

Baada ya Berlin ndipo alipofanya jaribio kali kuliko yote. Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi, zilizotoka pamoja mwaka 1976, hazina mazungumzo ya wahusika wengi kwa namna tuliyoizoea. Kuna mtambaji mmoja, lugha ya kishairi, na hadithi inayotambwa. Katika Ngao ya Jadi joka Sesota linauawa, watu wanasherehekea, na wakati wa sherehe ubaya unaanza kujikusanya upya. Ni ngano, lakini ni ngano iliyopitia tasnifu. Walimu wengi hawakujua waifanyie nini. Haikai vizuri katika jedwali la dhamira na wahusika, na si rahisi kuigizwa na wanafunzi arobaini darasani. Nadhani ndiyo maana haitajwi sana. Hata hivyo, hapa ndipo Hussein alipojibu swali lake mwenyewe kwa vitendo: mtu mmoja anayetamba mbele ya watu ana kila kinachohitajika, hana upungufu wa pazia wala wa jukwaa.

Shairi lake la Ngoma na Vailini nalo linahusu mvutano huo, mtu aliyesimama kati ya sauti mbili zinazomwita. Wakati ule wapenzi wa vina na mizani na watetezi wa mashairi huru walikuwa wakirushiana maneno makali magazetini na vyuoni. Hussein alitunga mashairi huru, lakini hakuwahi kuudharau ushairi wa jadi, na ndiyo sababu sipendi anapowekwa katika kambi mojawapo kwa haraka.

Kisha kuna Kwenye Ukingo wa Thim, ya mwaka 1988. Imetokana na kesi iliyoitikisa Kenya: wakili S. M. Otieno alifariki Desemba 1986, mjane wake Wambui akataka amzike karibu na Nairobi, ukoo wa mume ukataka maiti azikwe Nyalgunga, na mwaka 1987 mahakama ikaupa ukoo ushindi. Mwandishi wa pwani ya Tanzania aliichukua kesi ya Wajaluo na Wakikuyu akaiandikia tamthiliya ya Kiswahili. Wapo waliojiuliza inamhusu nini. Inamhusu sana. Ni swali lilelile la Kinjeketile lililogeuzwa: neno la jadi lililowaunganisha watu mwaka 1905 linaweza pia, miaka themanini baadaye, kumponda mtu mmoja, mwanamke, asiyekuwa na wa kumtetea. Hussein haipi jadi sifa ya bure wala haitupi. Anaionyesha ikifanya kazi, na anamwacha msomaji apate maumivu yake.

Katikati ya miaka ya 1980 aliacha kazi ya chuo kikuu. Tangu Thim hatujapata tamthiliya nyingine ya uzito huo kutoka kwake, na ameishi Dar es Salaam maisha ya utulivu, mbali na majukwaa. Watu wameufasiri ukimya huo kwa njia nyingi. Sioni haki ya kuufasiri. Kazi tano au sita zilizosimama kwa nusu karne zinatosha kuwa kazi ya maisha, na kinachotuhusu sisi ni kama tumeisoma.

Hapo ndipo penye aibu yetu. Kitabu kizima kinachoeleza maisha na kazi ya Ebrahim Hussein kwa kina kiliandikwa na Alain Ricard, kwa Kifaransa, kikachapishwa Paris mwaka 1998. Mkuki na Nyota wakakitoa kwa Kiingereza miaka miwili baadaye. Ricard alifanya kazi nzuri na tunapaswa kumshukuru. Lakini mwalimu wa Kilwa Masoko au wa Nachingwea anayetaka kumfahamu mtu wa pwani yake kwa Kiswahili anaambulia utangulizi mfupi na miongozo ya mitihani.

Si lazima iwe hivyo. Katika mwaka uleule wa 1969 ilipotoka Kinjeketile, huko London, Ralph Russell na Khurshidul Islam walichapisha kitabu kuhusu maisha ya Ghalib, mshairi mkubwa wa Kiurdu aliyefariki miaka mia moja kabla yake, wakimwacha Ghalib ajieleze kwa barua zake. Mmoja alikuwa Mwingereza aliyeifundisha lugha hiyo chuoni London, mwingine msomi wa Aligarh, na majina yao mawili yamo juu ya jalada. Mwaka mmoja nyuma walikuwa wamefanya hivyo kwa washairi watatu wa enzi ya Mughal. Kwa kazi ya namna hiyo mtu asiyejua Kiurdu anajua Ghalib alikuwa akidaiwa na nani, alimwandikia nani, na alitunga katika hali gani. Maisha ya mtunzi yalihesabiwa kuwa sehemu ya elimu ya fasihi. Sisi tuliirithi desturi nyingine, ya kumkata mtunzi kutoka kwa kazi yake na kubakiza dhamira.

Yapo mema ya kutaja. Tuzo ya Ushairi ya Ebrahim Hussein, iliyoanzishwa kwa wasia wa Gerald Belkin, mtengenezaji filamu na rafiki yake, imewatia moyo washairi wengi wa Kiswahili, na Mkuki na Nyota wamechapisha mashairi ya washiriki. Ni heshima inayomfaa, kwa kuwa inazaa kazi mpya. Haiwezi kuchukua nafasi ya kusomwa kwake.

Jambo linaloweza kufanyika kusini ni dogo na linaeleweka. Utenzi wa Abdul Karim, masimulizi ya wazee aliyoyakusanya Gwassa, na Kinjeketile viwe katika kitabu kimoja, kwa Kiswahili, chenye maelezo, kwa ajili ya shule za Kilwa, Liwale, Ruangwa na Lindi. Kwa sasa utenzi umebaki katika maktaba chache, na tasnifu ya Gwassa ya mwaka 1973 ilisubiri hadi 2005 ndipo ichapishwe, tena Köln, tena kwa Kiingereza. Mwanafunzi wa Kipatimu anaishi mahali penyewe, na huenda kwao kuna mtu anayejua mlima gani ulikuwa wa nani. Akiwa na maandishi hayo matatu mkononi ataona jambo ambalo miongozo haisemi: katika tamthiliya ya Hussein wamo Wamatumbi, Warufiji na Wazaramo, yumo Mjerumani na mnyapara wake, lakini watu wa miji ya pwani, watu wa Abdul Karim, hawana nafasi kubwa ya kusema. Wanaingia zaidi kupitia kivuli cha Seyyid Said. Kwa nini mwandishi aliyetoka pwani hiihii aliwapa watu wake sehemu ndogo kiasi hicho katika vita vilivyopiganwa mlangoni mwao? Ricard hakulimaliza swali hilo, nami siwezi kulimaliza kwa makala haya. Linahitaji mtu anayeijua Kilwa Kivinje na Nandete kwa pamoja, aliyesikia habari za vita hivyo katika nyumba za pande zote mbili.